Klasta ya fayawoli pepe: kusubiri au kugawana mzigo?

Vifaa viwili vya fayawoli vikishafungwa kwenye rafu, hautapita muda mrefu kabla mtu wa fedha hajauliza kwa nini kimoja kinafanya kazi yote na kingine kimekaa tu, taa zinawaka. Swali lake ni la haki, maana vyote viwili vimelipiwa. Jibu linalokuja upesi ni kugawana mzigo: nusu ya kazi huku, nusu kule, na uwezo unakuwa maradufu. Jibu hilo si kweli, na ndilo linaloangusha huduma siku kifaa kimoja kinapozima. Kama uamuzi uko mikononi mwako, soma kwanza hesabu iliyomo humu kabla hujachora mtandao wako.

Nitatumia VSX ya Check Point kama mfano mkuu kwa sababu mitindo yote miwili imo ndani yake na tofauti zake zinaonekana wazi. Watengenezaji wengine nitawagusa pale wanapokwenda njia yao.

Kifaa kimoja cha VSX hubeba fayawoli pepe nyingi. Kila moja ina kanuni zake, jedwali lake la njia na jedwali lake la miunganisho, kana kwamba imesimama peke yake. Tuchukue benki: fayawoli moja inalinda mashine za ATM, nyingine huduma za simu, nyingine intaneti ya wafanyakazi, nyingine wageni wanaoingia ukumbini na simu zao. Chini ya zote iko VS0, yaani kifaa chenyewe, ambamo usimamizi unafanyika. Ukiunganisha vifaa viwili au zaidi, kila kimoja kikiwa na nakala ya fayawoli zote, umepata klasta.

Katika mtindo wa kusubiri, fayawoli zote zinafanya kazi ndani ya kifaa kimoja. Kifaa cha pili kinapokea taarifa za miunganisho sekunde kwa sekunde na kukaa tayari. Cha kwanza kikifa, zote zinahamia cha pili kwa pamoja. Katika mtindo wa kugawana, ambao Check Point huuita VSLS, kila fayawoli pepe ina kifaa chake cha nyumbani: ya ATM iko kazini kwenye kifaa A huku B ikiisubiri, na ya huduma za simu iko kazini kwenye B huku A ikisubiri.

Lishike hili tangu mwanzo. Kinachogawanywa katika VSLS ni fayawoli pepe nzima nzima. Miunganisho ya fayawoli moja haikatwi vipande ikapelekwa vifaa viwili. Iko mitindo mingine, kwenye klasta za kawaida zisizo na fayawoli pepe, inayogawa miunganisho yenyewe, na ina masharti yake: ule unaotumia malitikasti, kwa mfano, unataka ruta za jirani zikubali anwani ya MAC ya malitikasti kwa anwani ya IP ya kawaida, jambo ambalo ruta nyingi hukataa mpaka uziandikie kwa mkono. Usichanganye mitindo hiyo na huu tunaouzungumzia.

Hesabu kabla ya yote

Chukua vifaa viwili vilivyogawana kazi, kila kimoja kikiwa na asilimia 65 ya uwezo wake saa za msongamano. Grafu zinapendeza na kila mtu ameridhika. Kifaa A kinakufa. Kifaa B sasa kinatakiwa kubeba asilimia 130. Hakiwezi. Kitaanza kutupa pakiti, miunganisho mipya itakwama, na huduma ambazo hazikuwa na tatizo lolote, zilizokuwa zimetulia kwenye B, zitaumia pamoja na zile zilizohamia. Hitilafu iliyopaswa kugusa nusu ya wateja imewagusa wote.

Kwa hiyo, ikiwa unataka klasta ihimili kifo cha kifaa kimoja, vifaa viwili haviruhusiwi kuvuka asilimia 50 kila kimoja, hata kwenye kilele. Na asilimia 50 ya viwili ni sawasawa na asilimia 100 ya kimoja. Uwezo wa kuaminika wa vifaa viwili, kwa mtindo wowote utakaochagua, ni uwezo wa kifaa kimoja. Mwambie hivyo mtu wa fedha, na mwandikie.

Vifaa vikiwa vitatu mambo hubadilika. Kila kimoja kinaweza kufika asilimia 66 hivi, kwa sababu viwili vitakavyobaki vitagawana mzigo wa kilichokufa. Vikiwa vinne, asilimia 75. Hapo ndipo kugawana kunapokupa uwezo ambao mtindo wa kusubiri hauwezi kukupa, maana katika kusubiri hata vifaa vinne hufanya kazi ya kimoja.

Basi kwa nini mtu mwenye vifaa viwili agawane mzigo? Zipo sababu nzuri, ila si ile ya uwezo maradufu. Ya kwanza ni nafasi ya kupumua siku za kawaida: kifaa chenye asilimia 40 hupokea wimbi la ghafla vizuri kuliko chenye asilimia 80. Ya pili ni kwamba fayawoli moja ikishambuliwa na kumeza prosesa, majirani zake wanaoumia ni wachache. Ya tatu ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote: kifaa cha pili kinajulikana kuwa kizima kwa sababu kinafanya kazi kila siku. Kifaa kinachosubiri mwaka mzima ni kama gurudumu la akiba ambalo dereva hajawahi kulishusha. Unaweza kukuta kebo yake moja ilichomolewa na fundi wa umeme, au VLAN mpya haikuongezwa kwenye swichi ya upande wake, na hakuna aliyejua mpaka siku ya shida.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao wauzaji hawautaji. Katika kusubiri, kifaa cha akiba kikifa mchana, hakuna mteja anayehisi chochote. Katika kugawana, kifaa chochote kikifa, kuna watu wanaotikisika. Kwa maneno mengine, kugawana kunakupa mitikisiko mingi zaidi lakini midogo, na kusubiri kunakupa michache lakini kila mmoja unagusa kila huduma. Je, taasisi yako inavumilia kipi? Hospitali yenye mfumo mmoja mkuu itajibu tofauti na kampuni inayokodisha fayawoli pepe kwa wateja arobaini wasiojuana.

Pima, usikisie

Takwimu zilizoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa hupimwa mara nyingi kwa pakiti kubwa na ukaguzi mdogo. Ukiwasha kuzuia uvamizi na kufungua trafiki iliyofichwa ya TLS, kifaa kilekile hushuka sana. Kwa hiyo chukua vipimo vya kwako: matumizi ya prosesa kwa kila kiini, miunganisho iliyopo kwa wakati mmoja, miunganisho mipya kwa sekunde, na memori. Vichukue kwa kila fayawoli pepe peke yake, kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ili siku ya mishahara iwemo. Kama wewe ni wa taasisi inayobanwa na msimu, subiri msimu. Anayehudumia tovuti ya matokeo ya mitihani hawezi kupima Juni akaamua habari ya siku ambayo nchi nzima inafungua ukurasa mmoja.

Vipimo vikishakuwa mezani, angalia kwanza fayawoli iliyo kubwa kuliko zote. Ikiwa moja inabeba asilimia 70 ya trafiki yote, kugawana hakutakusaidia sana. Utaiweka A, utazikusanya nyingine zote B, na A itabaki imelemewa, maana fayawoli moja haizidi kifaa ilichomo. Dawa yake ni kuipunguza yenyewe: igawe iwe mbili kwa kazi, au ihamishie kifaa cha peke yake. Mtindo wa klasta haugusi tatizo hilo.

Kisha chora nani anazungumza na nani. Hapa ndipo wengi huteleza. Fayawoli pepe mbili zilizo ndani ya kifaa kimoja, zikiunganishwa na swichi pepe, hupitishiana pakiti ndani kwa ndani bila kugusa waya. Ukizitenganisha, moja A na nyingine B, kila pakiti kati yake sasa inatoka kwenye poti halisi, inapita swichi ya nje, na kuingia kifaa cha pili kwa poti nyingine. Trafiki ambayo haikuwa inaonekana inajaza viungo vyako. Swichi pepe isiyo na poti halisi haiwezi hata kuvusha trafiki hiyo. Kwa hiyo katika kugawana, fayawoli zinazozungumza sana ziweke nyumba moja. Ya mfumo mkuu wa benki na ya huduma za simu zisitenganishwe kwa sababu tu mizani ya programu imesema pande hazilingani.

VSX hukuruhusu kuipa kila fayawoli uzito na kipaumbele. Uzito husema ni nzito kiasi gani ukilinganisha na wenzake. Kipaumbele husema iko nyumbani kwenye kifaa gani na ikihama ielekee wapi. Zote huanza na uzito wa 10, na usipoubadilisha, programu itaamini kwamba fayawoli ya wageni ni nzito sawa na ya ATM. Andika uzito unaotokana na vipimo vyako. Kazi hiyo hufanywa kwenye seva ya usimamizi kwa amri ya vsx_util vsls.

Vifaa vitatu na hali ya tatu

Kwenye klasta ya VSLS yenye vifaa vitatu au zaidi, kila fayawoli pepe inakuwa kazini kwenye kifaa kimoja, inasubiri kwenye cha pili, na kwenye vilivyobaki iko akiba. Skrini itakuonyesha Active, Standby na Backup. Tofauti ya mbili za mwisho ni kubwa. Inayosubiri inapokea taarifa za miunganisho muda wote, hivyo ikichukua kazi, simu inayoendelea au faili linaloshushwa halikatiki. Iliyo akiba ina kanuni na mipangilio yote, ila haipokei taarifa za miunganisho. Ndiyo maana klasta kubwa haizami kwenye kazi ya kusawazisha. Kifaa chenye fayawoli kazini kikifa, inayosubiri inapanda, na moja ya akiba inapandishwa ili isubiri. Lakini vifaa viwili vikifa kwa mpigo mmoja, fayawoli zilizokuwa kazini kwenye kimoja na kusubiri kwenye kingine zitafufuka kutoka akiba bila kumbukumbu ya miunganisho, na watumiaji wake watalazimika kuanza upya.

Hilo lina maana moja ya moja kwa moja: usiviweke vifaa vinavyosubiriana kwenye rafu moja au chanzo kimoja cha umeme.

Mtandao wa kusawazisha nao uupe heshima yake. Uwe wa peke yake, kwenye poti mbili zilizofungwa pamoja, mbali na swichi zinazobeba trafiki ya wateja. Miunganisho ya muda mfupi sana, kama maswali ya DNS, unaweza kuiondoa kwenye usawazishaji. Ikikatika, mashine ya mtumiaji itauliza tena na hakuna atakayejua.

Watengenezaji wengine

Kwenye Cisco ASA, kugawana kunapatikana tu ukiwa na konteksti nyingi (ndilo jina lake la fayawoli pepe), na makundi ya kuhama ni mawili tu. Konteksti zote za kundi moja huhama pamoja, na ile ya usimamizi hukaa kundi la kwanza daima. Ni mpangilio mwepesi kueleweka, ila hauna uhuru wa kuihamisha konteksti moja peke yake. Fortinet hufanya jambo linalofanana kwa kupanga VDOM, yaani fayawoli pepe zake, kwenye klasta pepe, kila moja ikiwa na kifaa chake kikuu. Palo Alto Networks wana mtindo wa vifaa vyote viwili kuwa kazini, lakini nyaraka zao wenyewe zinasema hausawazishi mzigo. Umekusudiwa zaidi mitandao ambayo pakiti huenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Ukiwa mnunuzi wa Palo Alto, kusubiri ndiyo njia ya kawaida, na unahitaji sababu nzito ya kuiacha.

Bila kujali jina lililo kwenye sanduku, soma masharti ya leseni. Kifaa cha pili kinaweza kuwa kimeuzwa kwa bei nafuu kwa sharti kwamba kitasubiri tu. Ukikiweka kazini umevunja mkataba, na bei halisi ya kugawana hukuiona kwenye zabuni.

Mtu wa zamu ya usiku

Saa nane usiku simu inalia: huduma fulani haifunguki. Katika mtindo wa kusubiri, fundi wa zamu anaingia kifaa kilicho kazini na kuangalia. Katika kugawana, lazima kwanza ajue fayawoli ya huduma hiyo iko wapi usiku huu, si mahali ilipokuwa wiki iliyopita. Anaendesha cphaprob state, anaingia fayawoli husika kwa vsenv, na kama pakiti inapita fayawoli mbili zilizo vifaa viwili tofauti, ananasa trafiki sehemu mbili kwa wakati mmoja. Fundi mzoefu atafanya hivyo bila shida. Fundi mwenye miezi mitatu kazini, peke yake, usingizi ukimwelemea, atapoteza saa nzima. Ninasema kwa dhati: kama timu yako ni ya watu wawili au watatu, huu ni mzigo wa kuuhesabu sawa na asilimia za prosesa.

Lingine la kuamua mapema ni kurudi nyumbani. Kifaa kilichokufa kikifufuka, je, fayawoli zirudi zenyewe au zibaki zilipo mpaka mtu aamuru? Mipangilio yote miwili ipo. Mimi naegemea zibaki. Kifaa chenye usambazaji wa umeme unaokufa na kufufuka kila dakika kumi kitazivuta fayawoli kwake na kuzitema tena usiku kucha, na kila mzunguko ni mtikisiko. Ubaya wake ni kwamba baada ya tukio mgawanyo unabaki umevurugika, kwa hiyo mtu apewe jukumu la kuurudisha asubuhi.

Na kuna mambo ambayo mtindo wowote hauyagusi. Kanuni mbovu ikisukumwa, inafika vifaa vyote kwa pamoja. Mwezi Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora, na klasta bora kuliko zote haikuwa na la kufanya. Kama vifaa vyako vyote vinatokea kwenye ruta moja ya mtoa huduma mmoja, fedha ya kifaa cha tatu ingefaa zaidi kununua njia ya pili.

Ningeamuaje

Vifaa viwili, fayawoli chache zinazotegemeana sana, timu ndogo: chagua kusubiri, na panga kuhamisha kazi kwa makusudi kila robo mwaka ili kifaa cha pili kijulikane kuwa kizima. Vifaa vitatu au zaidi: gawana, maana vinginevyo unanunua chuma cha kupasha moto chumba cha seva. Vifaa viwili vyenye fayawoli nyingi za wateja wasiohusiana: gawana pia, kwa sharti kwamba utaweka kengele inayolia jumla ya mzigo wa vifaa vyote viwili inapofika asilimia 80 ya kimoja. Kengele ya kifaa kimoja kimoja haitakuonya kwa wakati.

Kwa mwenye VSX asiye na uhakika, iko njia ya katikati ninayoipenda. Jenga klasta kwa mtindo wa VSLS tangu mwanzo, kisha tumia chaguo la vsx_util vsls linaloweka fayawoli zote kazini kwenye kifaa kimoja. Itafanya kazi kama klasta ya kusubiri. Siku utakapotaka kugawana, utahamisha fayawoli moja moja kwa kubadilisha vipaumbele. Kubadilisha mtindo wenyewe baadaye ni kazi nyingine kabisa: amri ya vsx_util convert_cluster inataka dirisha la matengenezo na kuwasha upya vifaa, na haitakubali kuingia VSLS ikiwa una ruta pepe au fayawoli zilizo katika mtindo wa daraja wa kusubiriana. Hizo utazibomoa kwanza. Kwa hiyo, kama unapanga leo, epuka ruta pepe hata kama bado unasubiri.

Kabla ya kukabidhi, jaribu. Kuzima kifaa kwa adabu hakutoshi, kwa sababu kifaa kinachozimwa vizuri huaga wenzake. Hitilafu za kweli haziagi. Fungua kikao cha SSH, anzisha kushusha faili kubwa, piga simu ya mtandao, weka handaki la VPN, halafu chomoa waya wa umeme. Andika kipi kilikatika na kwa sekunde ngapi. Rudisha, ngoja usawazishaji ukamilike, kisha chomoa poti moja tu ya data. Kisha poti za kusawazisha peke yake, uone kama vifaa viwili vitadai kuwa kazini kwa wakati mmoja. Jaribu pia amri ya clusterXL_admin down, inayokishusha kifaa kwa makusudi, maana ndiyo utakayoitumia siku za matengenezo.

Angalia swichi na ruta za jirani wakati huohuo. Fayawoli inapohama, kifaa kipya hutangaza kwa ARP kwamba anwani sasa iko kwake, na kila fayawoli ina anwani zake za kutangaza. Kuna vifaa vya jirani vinavyopuuza matangazo hayo, nawe utaona huduma moja imekufa dakika kadhaa ilhali nyingine zimehama salama. Kutumia anwani ya MAC pepe, isiyobadilika kifaa kinapobadilika, huondoa tatizo hilo. Na kama fayawoli zako zinazungumza BGP na jirani, hakikisha kuanza upya kwa upole (graceful restart) kumewashwa pande zote mbili. Kukiwashwa upande mmoja peke yake, jirani atazifuta njia zako mara tu kikao kinapokatika, na miunganisho uliyoisawazisha kwa gharama kubwa itakosa pa kupita.

Jaribio la mwisho lifanyike saa ya msongamano, kwa idhini ya maandishi ya wenye huduma. Watasita. Waonyeshe matokeo ya majaribio ya usiku, waambie ni fayawoli ipi itahama na saa ngapi, na uwe na mtu kwenye simu kwa kila huduma.